Honi wa Mtoni na Mama wa Mrushaji

Odell Fancher alikuwa na sauti mbili, na msimu mzima ule hakuogopa kitu kama alivyoogopa siku sauti hizo zitakapokutana.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya kliniki. Figo zake zilikuwa zimegoma kazi, kwa hiyo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mchana alijilaza kwenye kiti kirefu pale kliniki ya Belfry, mkono wa kushoto ameunyoosha, damu inatoka kwa mrija mmoja, inazunguka kwenye mashine, inarudi kwa mrija mwingine. Hapo alikuwa mpole kama bwana harusi mbele ya wakwe. "Asante, binti." "Samahani, binti." Ungedhani hajawahi kumpandishia mtu sauti tangu azaliwe.

Sauti ya pili ilikuwa ya redio. Jumanne na Alhamisi, siku ambazo hana mashine, alipiga simu kwenye kipindi cha mashabiki cha Skip Mayhall, na kabla ya salamu alipuliza kwa mdomo wake honi ya zile meli za kusukuma matishari alizozifanyia kazi mtoni tangu ujana: Puuuuu! Hapo wauza matairi waliacha matairi na wenye saluni wakazima vikaushio vya nywele. Honi wa Mtoni yuko hewani! Jina lake halisi hakulisema kamwe, na sauti aliikwaruza makusudi, kama mtu aliyemeza mchanga. Siri hiyo aliijua mkewe tu, Marvelle, ambaye kila mumewe akishika simu alitoka nje kwenda kuwafokea kuku.

Kazi ya Honi ilikuwa moja, kuwasema Kambare wa Tallasaw. Hao ndio timu ya chuo cha pale, na pande zile za Mississippi mtu huulizwa timu kabla hajaulizwa kanisa. "Kocha Bardwell," Honi alisema, "anapanga mechi kama mtu anayepika kwa kusoma pakiti. Maji yakizidi, hajui afanye nini." Lakini makocha walikuwa kachumbari tu. Nyama yenyewe ilikuwa warushaji. Mrushaji, kwenye mpira wao ule wa kushika mikononi, ndiye anayepewa mpira kwanza katika kila shambulio, na ana kufumba na kufumbua tu kuamua amrushie nani kabla majitu ya upande wa pili hayajamlalia. Timu ikishinda, anachorwa ukutani. Ikifungwa, hata akina mama wa kwaya wanamwombea ahame.

Msimu ule mrushaji alikuwa mtoto mpya, Kendrell Pickett. Mechi ya kwanza alirusha mipira miwili mikononi mwa wapinzani, na Jumanne yake Honi akamkwangua kama samaki. Kesho yake Odell alipoingia kliniki alimkuta nesi wake anabandika picha kwenye kabati la dawa. Kijana mrefu, jezi ya kijani, kambare wa dhahabu kifuani.

"Mwanangu huyo," nesi akasema, uso wote meno. "Ndiye anayeanza mwaka huu."

Nesi huyu aliitwa Lavonda. Kwenye kitambulisho chake kifuani palikuwa na jina hilo moja tu, na Odell hakuwahi kujiuliza ana ukoo gani. Alichojua ni vidole vyake. Manesi waliomtangulia walimtafuta Odell mshipa kama watu wanaotafuta funguo gizani, mpaka mkono ukavimba ukawa na rangi ya bilinganya. Lavonda aliweka vidole viwili, akausikiliza mshipa kwa vidole hivyo, na sindano ile nene kama msumari ikapita bila mwenye mkono kukatiza maneno. Tangu aje, Odell alikuwa ameacha kutapika asubuhi za mashine kwa woga.

"Na wewe, Bwana Odell?" Lavonda akamuuliza. "Unawafuata Kambare?"

Odell akaikwepa picha kwa macho. "Mimi? Hapana, binti. Mimi mtu wa kuvua samaki."

Kiti cha jirani alilala Bibi Eula Tate, mama wa miaka mingi na meno machache, kofia ya Kambare kichwani hata akiwa kwenye mashine. Akageuza shingo polepole.

"Mwanaume mzima wa Belfry, hafuati mpira?" akasema. "Nesi, mpime tena damu huyu."

Wakacheka wote. Odell naye akacheka, na moyo unamdunda mpaka mashine ikalia. Jiweke mahali pake. Mama wa mtoto uliyemwita jana "mlango wa banda, kila upepo unaufungua" ndiye huyu anayekufunga kamba mkononi leo, na damu yako yote, hadi tone la mwisho, iko kwenye mirija anayoishika yeye.

Mtu mwenye akili angenyamaza pale pale. Odell alijaribu. Wiki zile akamsema kocha tu, akasema kocha anaacha upande wa kulia wazi, mabonge wake wa kumkinga mrushaji wote amewarundika kushoto, mtoto atajuaje pigo linatokea wapi? Maneno ya maana kabisa. Lakini nani anapiga simu redioni kusikiliza maneno ya maana? "Honi wetu amezeeka," mmoja akasema. "Siku hizi anapuliza filimbi." Skip naye, mchochezi, akacheka hewani. Sasa mwambie mwanaume kuwa amezeeka halafu umwachie simu mkononi, uone.

Kambare wakaenda wakafungwa na chuo kidogo cha Weems, chuo ambacho uwanja wake una ng'ombe upande wa pili wa uzio. Jumanne Odell akaamka na hasira zake. Marvelle alimwona anasogea kwenye simu.

"Odell, huyo mtoto ana mama. Na mama yake unamjua."

"Namsema mrushaji, simsemi mama."

"Haya. Mdomo wako huo, siku moja utakuponza wewe na mimi."

Akatoka kwenda kwa kuku. Na Honi akapuliza. Akasema mtoto anashika mpira kama mtu aliyepewa kichanga cha jirani, hajui ampe nani. Skip akacheka. Akasema Tallasaw wamekuwa na warushaji wabaya, lakini wale wengine walau walikuwa wabaya haraka, huyu anachukua muda. Skip akapiga meza kwa kicheko. Na hapo, akiwa amelewa kicheko cha watu, Odell akaongeza la mwisho: "Kawapandieni kile kibao uani kwa mama yake. Waanze kufungasha!"

Kila mtu alielewa kibao gani. Huo ni mchezo wao wa zamani. Kocha akifungwa sana, mashabiki wanang'oa vibao vya NYUMBA INAUZWA mjini kote na kuvipanda uani kwake, ajue siku zake zimekwisha. Watu wanacheka, magazeti yanapiga picha, kocha naye anajifanya anacheka. Odell mwenyewe ujanani alishapanda. Lakini ni kwa kocha, mtu mzima anayelipwa kuvumilia matusi. Kwa mama wa mchezaji, tena mtoto wa chuo, hakuna aliyewahi kupeleka.

Jumatano Lavonda alikuja amechelewa, macho mekundu. Picha ilikuwa bado kabatini, ila hakuitazama.

"Una nini, mwanangu?" Bibi Eula akamuuliza.

"Wamekuja nyumbani," Lavonda akasema. "Asubuhi tumeamka ua umejaa vibao. Umejaa, Bibi Eula, huoni majani. Nyumba inauzwa, nyumba inauzwa, mpaka kwenye maua ya mama."

"Washenzi!"

"Mimi ningecheka tu. Ila mama." Akafungua pakiti ya sindano. "Unajua mama aliwahi kutolewa kwenye nyumba, zamani, baba alipokufa. Ametoka na gauni la kulalia, ameviona vile vibao, akarudi ndani bila neno. Nimemfuata jikoni. Anafunga sahani kwenye magazeti. Namwambia mama, ni mpira tu, hakuna anayetutoa. Ananijibu, ndivyo walivyosema hata mara ile. Nimemwacha bado anafunga."

Odell alikuwa anatazama dari.

"Na Kendrell?" Bibi Eula akauliza.

"Kendrell hali kitu. Polisi nimemwita, amekuja na kofia ya Kambare kichwani, ananiambia hayo ni mambo ya msimu, yatapita." Akasogea kwa Odell na sindano. "Yote haya kaanzisha yule Honi. Yule mzee wa redio. Mungu anipe dakika moja tu na yule mtu. Nyoosha mkono, Bwana Odell."

Akanyoosha. Na kwa mara ya kwanza tangu amjue, mkono wa Lavonda ulitetemeka. Sindano ikakosa njia. Uvimbe ukapanda chini ya ngozi kama yai, Odell akauma meno, machozi yakamtoka.

"Samahani, Bwana Odell! Samahani baba yangu! Sijui nina nini leo."

"Si kitu, binti," akasema, kwa ile sauti ya kliniki.

Alhamisi Honi hakupiga simu. Alikaa barazani na bakuli lake la barafu, maana daktari amempunguzia maji ya kunywa, akalamba barafu akitazama barabara kana kwamba vile vibao vitatembea vyenyewe vije kumtafuta.

"Mwambie," Marvelle akasema.

"Nimwambie, halafu Ijumaa anichome?"

"Atakuchoma tu. Ndiyo kazi yake."

"Marvelle, wewe hujui. Ule mshipa akitaka kuuharibu, anauharibu anacheka."

"Si yeye unayemwogopa," Marvelle akasema, akainuka na bakuli tupu. "Unaogopa kuonekana mtu mdogo."

Basi ikafika Ijumaa, na kesho yake ilikuwa mechi na Dorrance. Dorrance ni chuo cha ng'ambo ya mto, na kufungwa na Dorrance pale ni msiba. Redio ya kliniki ilikuwa imewekwa kipindi cha Skip, kama kila redio ya Belfry siku ile. Lavonda hakuizima. Alikuwa ameshamwunganisha Odell na mashine, safari hii mkono umetulia, ila mdomo ameufunga kwa nguvu.

Simu zikaanza. Wa kwanza alimtukana kocha. Wa pili akamtaka mrushaji wa akiba. Wa tatu alikuwa kijana, kwa sauti amechangamka.

"Skip, wale wa vibao ni sisi. Wewe usiulize jina. Kesho tukifungwa tunarudi, na safari hii tunakuja na lori. Tunawasaidia kubeba makochi!"

Skip akacheka. "Mimi sijasikia kitu."

"Honi alisema waanze kufungasha. Sisi tunatii mkubwa! Honi, uko wapi, mzee? Toa neno!"

"Honi kapotea wiki hii," Skip akasema. "Kama unanisikia, mzee wa mtoni, watu wako wanakusubiri."

Lavonda alisimama katikati ya chumba na pamba mkononi. "Lori," akasema polepole. "Mama akiona lori, atapanda mwenyewe."

Akavua glavu, akaenda kwenye simu ya ukutani, akaanza kumpigia polisi yule yule wa kofia. Akaambiwa asubiri. Akasubiri, paji la uso kaliegemeza ukutani.

Odell alitazama saa. Kipindi kingekwisha kabla mashine haijamwachia. Hakuna Jumanne nyingine kabla ya mechi, hakuna baraza, hakuna Marvelle wa kutoka nje. Kama ni kusema, ilikuwa ni pale, kwenye kiti kile, damu yake iko nje ya mwili, mwenye sindano amesimama hatua chache. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa shati, upande wa mkono uliokuwa huru. Akaigusa. Akaiacha. Mwili ulikuwa baridi mpaka akadhani mashine imerudisha maji badala ya damu. Kesho Kambare wanaweza kushinda, akajiambia. Halafu akajijibu mwenyewe, kwa sababu mpira anaujua: na ule upande wa kulia ulivyo wazi? Hawashindi.

Akapiga.

Kijana wa kupokea simu akauliza nani. "Honi," Odell akanong'ona. Hata hakumaliza. Akarushwa hewani pale pale.

"Jamani!" Skip akalia. "Tulimwita, amekuja! Honi wa Mtoni, puliza!"

Sasa, redio kule huchelewesha simu za wasikilizaji karibu nusu dakika, ili mtu akitukana wawahi kumkata. Kwa hiyo chumbani bado alikuwa anaongea mtu mwingine redioni, habari za hali ya hewa ya kesho, wakati Odell kwenye kiti chake alipofungua mdomo. Hakupuliza honi.

"Skip, leo sipulizi," akasema. "Mimi naitwa Odell Fancher."

Bibi Eula akageuza shingo. Lavonda bado alikuwa amegeukia ukuta, simu ya polisi sikioni.

"Nakaa barabara ya Sawmill, nyumba yenye boti ya buluu mbele. Nyie wa vibao, nawaambia, mlikosea nyumba. Ile ni nyumba ya bibi mzee anayefunga sahani zake kwenye magazeti kwa sababu ya mdomo wangu. Vibao vyenu vileteni kwangu. Lori lenu lileteni kwangu. Mkitaka na makochi, yapo."

Na hapo ndipo redio ya ukutani ikamfikia. "TULIMWITA, AMEKUJA! HONI WA MTONI, PULIZA!" Lavonda akainua kichwa. Kisha ikatoka ile sauti, nzito, imejaa chumba kizima: "Skip, leo sipulizi. Mimi naitwa Odell Fancher." Lavonda akageuka. Akaitazama redio, akamtazama mzee wake mpole wa kuvua samaki, simu sikioni, jasho linamtiririka.

Odell alitaka kukata. Lakini alikuwa ameshaanza, na macho ya Lavonda hayakumwachia pa kukimbilia ila mbele.

"Na mtoto," akasema, "kweli anakaa na mpira muda mrefu. Siwezi kusema uongo. Lakini anakaa nao kwa sababu anapigwa kutoka kulia kila mara, na kocha anajua, na mimi nilijua. Nilisema la mtoto kwa sababu ndilo lililowachekesha. Basi."

"Honi, umelewa?" Skip akauliza. "Umehamia Dorrance?"

Odell akakata. Ikambidi alale pale ajisikilize mwenyewe akiyasema yote mara ya pili, redioni, mbele za watu, mpaka "Basi." Baada yake simu zikamiminika. Msaliti. Kibaraka. Kijana wa lori akapiga tena: "Sawmill, boti ya buluu. Tumeandika!"

Mashine ya Odell ikaanza kulia. Presha. Lavonda aliishusha simu ya ukutani mahali pake, akavaa glavu mpya, kidole kimoja kimoja, akaja. Odell aliufuata mkono wake kwa macho kama mtu anayefuata nyoka. Lavonda akabonyeza kitufe, kelele zikakoma. Akakilaza kiti. Muda wa kuchomoa sindano ulipofika alichomoa, akabana pamba juu ya tundu, akabana kwa nguvu, na dakika zile za kubana, ambazo siku zote walikuwa wanapiga soga, leo alizihesabu kwa saa.

"Jumatatu," Odell akasema mwishowe. "Jumatatu nani atanichoma?"

"Unadhani nitamwachia mtu mwingine?" Lavonda akamjibu.

Odell akaenda nyumbani na jibu hilo, akaligeuza huku na huku, na kila alivyoligeuza lilimtisha.

Kambare walifungwa. Kendrell alipigwa kutoka kulia mpaka jezi haikujulikana rangi. Kabla jua halijazama, Odell alikuwa barazani, Marvelle pembeni na jagi la chai ambayo mumewe haruhusiwi kunywa. Magari yakaja, yakajipanga. Vijana wakashuka na vibao kwapani na nyuso zimepakwa kijani, wengine ukubwa wa milango. Walipiga nyundo uani kwake pasipo hata kumsalimu. Mmoja akamfuata hadi kwenye ngazi.

"Mzee, hutupulizii?"

Marvelle akajibu.

"Wewe si mtoto wa Darlene wa duka la chambo? Kanyaga yale maua uone kama sijampigia mama yako sasa hivi."

Kijana akaruka maua. Lakini kibao alikipanda.

Jumatatu Odell aliingia kliniki. Bibi Eula alimpungia kofia. "Karibu, mvuvi."

Lavonda alikuja na trei. Akamfunga kamba mkononi, akaweka vidole viwili juu ya mshipa, akausikiliza. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Vibao vingi?" akauliza, macho kwenye mshipa.

"Majani hayaonekani."

"Kwetu hawakuja." Akapangusa ngozi na dawa, baridi. "Jana mama karudisha sahani kabatini. Si zote."

"Binti, mimi..."

"Sijakusamehe, Bwana Odell," Lavonda akasema, akainua sindano. "Kunja ngumi."